Mmepiga hatua saba pamoja, sasa jifunzeni kuongea

HARUSI imeisha. Mmeuzunguka moto mtakatifu, mkapiga zile hatua saba ziitwazo saptapadi, na bibi harusi kavishwa mangalsutra shingoni. Wageni wameenda zao. Asubuhi unaamka katika nyumba moja na baba mkwe, mama mkwe, shemeji, wifi na pengine nyanya. Hapo sasa!

Katika familia nyingi za Kihindu zinazoshika mila, iwe Parklands, Kisumu au Mombasa, mke huhamia kwa wazazi wa mume. Ina raha zake: mtoto hakosi wa kumbeba na mgonjwa hakosi uji. Lakini faragha ni haba, na neno likitoka jikoni huwa limeshafika sebuleni. Ndiyo maana maharusi wengi huamua kunyamaza tu. Usinyamaze.

Chukua mfano wa chapati. Umefika kutoka kazini saa moja jioni na unatarajiwa uingie jikoni moja kwa moja. Ukimwambia mumeo, "Mama yako ananitesa," atamtetea mamake, na nani angemlaumu? Mwambie hivi: "Nikipika kila jioni baada ya kazi, nachoka sana. Tufanyeje?" Hapo mna tatizo la kutatua, hamna mtu wa kushtaki.

Nawe bwana harusi, usijifiche nyuma ya simu. Mama ni wako, basi nenda ukaongee naye wewe. Tena usiseme "mke wangu hataki." Sema "tumeonelea hivi." Neno moja tu, lakini linamwokoa mkeo asiitwe mkorofi kabla hata hina haijafutika mikononi.

Heshima si kufunga mdomo. Unaweza kuinama ukagusa miguu ya wakwe asubuhi, na usiku ukamweleza mwenzako kilichokuuma. Kama chumbani hamko huru, tokeni. Tembeeni City Park au Mama Ngina, nusu saa tu, simu mfukoni.

Pesa pia ziongeleeni mapema. Ikiwa mume anafanya kazi katika duka la familia, je, ana mshahara wake au anachukua tu anapohitaji? Mshahara wa mke utaingia wapi? Ulizaneni kabla hamjagombana.

Na ugomvi mdogo usiukimbize kwa mamako kwa simu. Nyinyi mtapatana kesho. Yeye atabaki na kinyongo mwaka mzima.

Mkumbuke mama mkwe naye. Ameendesha jiko hilo miaka mingi, sasa anaogopa kupokonywa mwana na mwiko kwa mpigo. Mwombe akufundishe dal anavyoipika yeye. Mtaongea mengi sufuria ikichemka.

Ila kupigwa, kutishwa au wazazi wako kudaiwa mahari zaidi si suala la mawasiliano. Hapo usivumilie eti kwa sababu ya jina la familia. Mwambie mtu unayemwamini, au piga 1195 bila malipo.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kihindu kuwa ya mume mmoja na mke mmoja, kwa hivyo mwenzako ni huyo huyo. Na ile hatua ya saba mliyopiga mbele ya moto, kwa mila, ni ya urafiki. Rafiki huambiwa ukweli. Anza leo usiku.