Machipukizi ya Misonobari na Machungwa ya Mvita

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya bandari ya Mvita, zilichukua mabaharia ambao miezi michache kabla, walipokuwa wakipumzika kwenye mlango wa mto huko Quelimane, walivimba mikono na miguu, na ufizi wao ukaota nyama hata ukafunika meno, wasiweze kutafuna chakula. Maradhi hayo ni kiseyeye. Mfalme wa Mvita, pamoja na shaka zote zilizokuwapo baina ya wenyeji na wageni, shaka ambazo baada ya siku chache tu zilizaa uadui wa dhahiri, aliwapelekea kondoo, na machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Na mwandishi wa habari za safari ile akashukuru kwamba wagonjwa wao wote walipata afya walipowasili katika mji huu, akaisifu hewa yake. Hewa ya Mvita ni njema, wala sina nia ya kuipunguzia sifa, walakini kwa ilimu tuliyo nayo leo sehemu kubwa ya shukrani ile ilistahili kuelekezwa kwenye makapu ya matunda. Mabaharia wenyewe nadhani walianza kufahamu, kwa kuwa mwezi wa Januari mwaka 1499, waliporudi kutoka Bara Hindi na kufika Malindi hali wameshazika baharini wenzao wengi, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyaomba ni machungwa.

Miaka 38 baada ya ziara ile ya Mvita, katika pembe nyingine ya dunia, Mfaransa Jacques Cartier na watu wake 110 walizingirwa na barafu ya mto Saint Lawrence, mahali ambapo leo pana mji wa Quebec, na kiseyeye kikawaua 25 kati yao na kuwalaza waliosalia karibu wote. Huko hapakuwa na mchungwa wala mlimau. Palikuwa na theluji, na msitu wa miti yenye majani mabichi wakati miti mingine yote imekauka. Domagaya, kijana wa kabila la wenyeji ambaye naye aliwahi kuugua akapona, aliwaonyesha mti mmoja ambao majani na maganda yake huchemshwa, maji yake yakanywewa na mashapo yake yakabandikwa miguuni palipovimba. Waliokunywa walipata nafuu upesi, na kwa pupa ya kupona walimaliza mti mzima, mkubwa kama miti mikubwa ya Ufaransa, kwa muda usiozidi siku nane. Wajuzi wa mimea wangali wakishindana ulikuwa mti gani, lakini wengi wameelekea Thuja occidentalis, ambao ni wa jamii kubwa ya misonobari: miti isiyochanua maua, yenye kuzaa mbegu zilizo wazi ndani ya koni zenye magamba.

Tunda la Mvita na jani la Quebec vilifanya kazi moja. Tabibu James Lind alithibitisha nguvu ya machungwa na malimau mwaka 1747, alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa katika jozi sita na kuipa kila jozi dawa yake; dawa yenyewe iliyofichika, ambayo sasa twaiita vitamini C, ilitambuliwa katika karne ya 20, na Mhangari Albert Szent-Györgyi akapata tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi hiyo na nyinginezo. Lililo la ajabu zaidi kwangu ni sababu ya msonobari kuweka akiba ya vitamini hiyo. Mti usiopukutisha majani huipokea nuru ya jua wakati wa baridi kali kama uipokeavyo wakati wa joto, ilhali baridi imezitia ganzi kazi zake za kujitengenezea chakula. Basi nuru ile isiyokuwa na matumizi huzaa ndani ya jani oksijeni kali yenye kuunguza, na vitamini C ni mojawapo ya ngao ambazo mti hujikingia. Domagaya, kwa kuwapa wagonjwa maji ya majani yale, aliwaazima ngao ya mti.

Siku hizi machipukizi ya misonobari yamerejea mezani kwa namna nyingine. Katika nchi za baridi watu huyachuma mwanzoni mwa majira ya kuchipua, yakiwa bado laini, yenye rangi ya kijani hafifu na ladha ya ukakasi iliyochanganyika na uchachu, wakayakausha, na kuyatia katika chai, chumvi, asali, samaki na nyama. Jamaa zetu waliohamia Toronto au Oslo huweza kutuletea kifurushi chake wanapokuja likizo, pamoja na maelezo kwamba ni dawa iliyojaa vitamini. Hapo ndipo pana haja ya kupambanua.

Vitamini C huharibiwa na hewa, nuru na joto, na kukausha ni kuliweka jani mbele ya maadui hao watatu kwa muda mrefu. Chipukizi lililokaushwa, likasafiri, likakaa kabatini, kisha likamwagiwa maji yanayochemka, limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya fadhila aliyoipata Cartier kwa majani mabichi. Mkazi wa Mji wa Kale anayetafuta vitamini hiyo hana sababu ya kuitafuta Canada: ateremke Marikiti, anunue ndimu.

Kinachobaki katika jani kavu ni harufu, na habari ya harufu ndiyo tamu kuliko zote. Msonobari hutengeneza mafuta mepesi yaitwayo terpini, ambayo huyahifadhi katika mifereji ya utomvu ili kuwafukuza wadudu na kuvu. Miongoni mwake imo pinini, ambayo imo vilevile kwa wingi katika ubani wa aina nyingi, na imo limonini, ambayo ndiyo inayoruka machoni mtu anapominya ganda la chungwa. Kwa hiyo mwanamke wa Kibokoni aliyezoea kufukiza nguo zake kwa ubani, akinusa machipukizi hayo kwa mara ya kwanza, hatanusa kitu kigeni kabisa. Mafuta hayo huruka kwa wepesi, na kwa ajili hiyo wakaushaji hodari huyatandaza machipukizi kivulini, mahali penye upepo, au katika tanuri la joto dogo sana. Anayeyaanika juani hubaki na kuni ndogondogo zenye rangi ya kahawia. Hewa ya kisiwa chetu nayo ina unyevu mwingi, hasa masika, na chupa isiyofungwa sawasawa itaota ukungu kabla ya kumalizika.

Hapa msomaji huenda akauliza: mbona tuna mivinje tele, kutoka ufukwe wa Nyali hadi Diani, yenye majani kama sindano na vijitunda kama vya msonobari? Mvinje humhadaa mtazamaji. Huo ni mti wenye kuchanua maua, ulio karibu kinasaba na miti mingine ya maua kuliko na msonobari wowote, na zile ziitwazo sindano ni vijitawi vyenye pingili, majani yake yakiwa meno madogo yasiyoonekana ila kwa kuchungulia. Ladha yake nayo haikaribiani na ya msonobari. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alipoanza kupanda miti katika mashimo ya Bamburi yaliyochimbwa mawe ya simiti, alijaribu aina 26, zikaishi tatu, na mvinje ukazishinda zote, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wenye kuinasa naitrojeni kutoka hewani. Lakini sindano zilizoanguka zilirundikana bila kuoza, kwa wingi wa tanini iliyomo, mpaka yalipoletwa majongoo yenye miguu myekundu, ambayo yaliweza kuzila na kuzigeuza udongo. Chai ya kitu hicho na tuwaachie majongoo.

Jamaa wa kweli wa misonobari wako mbali kidogo. Podo huota katika Milima ya Taita; mtarakwa, ambao mbao zake zilitengenezwa penseli, huota nyanda za juu na kuvuka bahari hadi Yemen; na mikrismasi inayouzwa Desemba aghalabu ni matawi ya saipresi, mgeni aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo ninaoweza kuusifia kwa birika. Jamii ya podo ina kemikali zenye kudhuru chembe hai. Saipresi na mtarakwa zimo katika kundi ambalo baadhi ya miti yake huharibu mimba za mifugo, kama ufanyavyo msonobari wa ponderosa kwa ng'ombe wa Marekani, na kwa hiyo mwenye mimba ajiepushe na chai za namna hii zote. Ulaya kuna mti wa Taxus, unaofanana na misonobari inayolika, na sumu yake husimamisha moyo. Haiondoki kwa kukaushwa wala kwa kuchemshwa. Anayeletewa kifurushi na aulize kwanza jina kamili la mti.

Akiridhika na jina, bado yapo mashauri ya jikoni. Terpini hazipatani na maji: katika chai hutoka kidogo na kupaa na mvuke, zikiacha ukakasi wa tanini nyuma yake, na ndiyo maana birika lazima lifunikwe na majani yasikae humo zaidi ya dakika chache. Katika mafuta huyeyuka kwa raha. Basi mahali hasa pa machipukizi haya ni katika samli, au katika tui zito linalotiwa mwisho kwenye mchuzi wa samaki, kiasi cha nusu kijiko cha chai yakiwa yamesagwa na chumvi, pamoja na maji ya ndimu, ambayo limonini yake tayari ni ndugu. Kwenye changu wa kuchoma hufaa pia, yakipakwa pamoja na kitunguu thomu. Katika pilau sioni maana ya kuyatia. Bizari nzima na mdalasini havitayapa nafasi, na bei yake si ya kutupwa.