JUU YA NINI WATU WANACHUNGA PICHA ZA ZAMANI ZA SATELITI?



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya michezo, usafi wa internati na matokeo ya egzame. Mara hii sisi wa mwaka wa mwisho tunapenda kueleza jambo moja la jeografia. Wote tunajua kwamba kuna sateliti zinazozunguka dunia na kupiga picha. Lakini wengine wanauliza: picha ya zamani iko na kazi gani leo? Mvua ile imekwisha kunyesha, mwitu ule umekwisha kukatwa. Juu ya nini kupoteza feza kwa kuchunga vitu vilivyopita? Ulizo hili ni zuri, na jibu lake linatugusa sisi watu wa Kongo kuliko tunavyozani.

1. Picha moja haitoshi

Tufikiri mama anayepeleka mtoto dispensere. Kila mwezi wanapima mtoto na kutia alama kwenye fishi yake. Kilo 7 peke yake haisemi kitu. Kama mwezi uliopita mtoto alikuwa na kilo 6, basi anakomaa vizuri. Kama alikuwa na kilo 8, kuna hatari. Fishi ikipotea, kilo 7 inabaki namba tu, na hakuna mtu anayeweza kurudi nyuma kupima mtoto wa mwezi uliopita.

Dunia nayo iko vile vile. Sateliti ya leo inaona vizuri kuliko ya zamani, lakini hakuna hata moja inayoweza kwenda kupiga picha ya mwaka 1972. Data ya zamani ikipotea, hainunuliki tena, hata na tajiri.

Tumetaja mwaka 1972 kwa sababu. Tarehe 23 Julai 1972 Wamarekani walirusha sateliti iliyoitwa kwanza ERTS-1, halafu ikaitwa Landsat 1. Chombo chake kilichoitwa MSS kilitokana na kazi ya injenia mwanamke, Virginia Norwood. (Dada zetu wanaoogopa fizika, musome jina hilo mara mbili!) Picha moja ilifunika km 185 kwa km 185, na sateliti ilirudi juu ya mahali pamoja kila siku 18. Baada yake zikafuata nyingine, mpaka Landsat 9 iliyorushwa tarehe 27 Septemba 2021. Hiyo ni fishi ya dunia yenye miaka zaidi ya 50.

2. Sateliti inatuma namba

Wengi wanazani sateliti inatuma foto kama ile ya simu. Kumbe inatuma namba. MSS iligawanya udongo katika vipande vidogo, kila kimoja yapata metre 80. Kila kipande kilipewa namba kati ya 0 na 63, kufuatana na mwangaza uliorudi juu. Tena kipande kimoja kilipata namba 4, maana mwangaza uligawanywa katika sehemu 4, na nyingine jicho la mtu haliwezi kuziona. Majani mabichi yanarudisha kwa wingi mwangaza ule tusiouona. Ndivyo wenye elimu wanavyotenga mwitu na shamba, maji na udongo mtupu.

Sasa tuseme mtu anaokota karatasi iliyoandikwa 40, 22, 51. Ni kitu gani? Pointi za egzame? Bei ya mihogo? Hatuwezi kujua. Ili namba za sateliti ziseme neno, lazima tujue ni za siku gani na saa gani, za mahali gani, za sehemu gani ya mwangaza. Lazima tujue pia nguvu ya chombo chenyewe siku ile, maana vyombo vinazeeka kule juu. Ni sawa na mizani ya soko ambayo springi yake imelegea. Asiyejua imelegea kiasi gani atasema mwitu umebadilika, kumbe ni mizani iliyobadilika.

Basi kuchunga data ni kuchunga vitu 3 pamoja: namba zenyewe, mashini ya kuzisoma, na maelezo yake. Kimoja kikikosa, vingine viwili vinakuwa takataka.

3. Bande pasipo mashini

Zamani namba hizo ziliandikwa juu ya bande za sumaku, kama zile za kaseti lakini kubwa sana. Bande ni plastiki yenye unga wa sumaku ulioshikwa kwa gundi. Kwa miaka mingi gundi inakunywa unyevu wa hewa, inanata, na unga unabanduka. Lakini hata bande ikibaki nzima, kuna hatari nyingine: mashini inakufa, kiwanda hakitengenezi tena, na fundi aliyeijua anapata pensheni. Wale walio na kaseti za baba nyumbani pasipo radio ya kuzicheza wanafahamu mambo haya.

Mfano ni huu. Mwaka 1966 na 1967 NASA ilituma vyombo 5 vya Lunar Orbiter kuzunguka mwezi na kutafuta mahali pazuri pa watu kushukia. Tarehe 23 Agosti 1966 cha kwanza kikapiga picha ya dunia yetu ikionekana juu ya ukingo wa mwezi. Picha ikaandikwa kwenye bande. Miaka ikapita. Mashini za kusoma bande zile, Ampex FR-900, kila moja kubwa kama kabati, hazikutengenezwa tena. Mama mmoja mtumishi wa NASA, Nancy Evans, alikataa bande zitupwe. Halafu akachunga mashini kadhaa kwake nyumbani kwa miaka mingi, pasipo mtu wa kumpa feza za kuzitengeneza. Mwishowe Dennis Wingo na Keith Cowing wakazichukua. Wakafanya kazi ndani ya nyumba iliyokuwa zamani restora ya McDonald's, huko California, wakatafuta vipuri na wazee waliokumbuka kazi ile. Mwezi wa Novemba 2008 picha ya mwaka 1966 ikaonekana tena, safi kuliko ilivyoonekana siku ya kwanza. Bande hazikupotea hata siku moja, lakini pasipo mashini zilikuwa bubu.

4. Filimu zilizosahauliwa

Sateliti Nimbus 1 ilirushwa tarehe 28 Agosti 1964. Haikufanya kazi hata mwezi mzima, ikaharibika. Picha zake za mawingu zilitazamwa kwa hali ya hewa ya siku zile, filimu zikawekwa ndani ya mikebe, na mambo yakaishia pale.

Miaka yapata 45 baadaye, watafiti wa kituo cha theluji na barafu, NSIDC, huko Colorado, walianza kutafuta mikebe ile. Sababu ni kwamba vipimo vya barafu ya bahari vinavyofuatana bila kukatika vinaanza mwaka 1978 tu, na sateliti nyingine ya ukoo ule, Nimbus 7. Je, kabla ya hapo barafu ilikuwa namna gani? Filimu zikapatikana, zikapitishwa kwenye mashini na kugeuzwa namba, picha kwa picha. Mwaka 2013 wakatangaza: mwezi wa Septemba 1964 barafu ya bahari kuzunguka Antaktika ilifunika km² yapata milioni 19,7. Tufahamu vizuri: waliopiga picha zile walitafuta mawingu. Hawakufikiri hata kidogo kwamba siku moja mtu atauliza habari za barafu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchunga data. Anayeiandika leo hajui ulizo la mtu wa kesho.

5. Na mwitu wetu?

Sasa tufike kwetu. Landsat 5 ilirushwa tarehe 1 Machi 1984, ikafanya kazi mpaka mwaka 2013. Hiyo ni ajabu, maana ilitengenezwa kwa miaka michache tu. Lakini ilikuwa na kasoro moja kwa upande wetu: haikubeba bande ya kuandikia. Kile ilichoona ilipaswa kukituma mara moja kwa kituo cha chini kilicho karibu, ao kupitia sateliti nyingine. Mahali pasipo kituo, ilipita juu pasipo kuacha kitu. Tuongeze mawingu yetu yanayofunika mwitu karibu mwaka mzima. Matokeo ni kwamba picha za katikati ya Afrika za miaka ya 1980 na 1990 ni chache. Mtu anayetaka kujua mwitu fulani wa Kongo ulikuwa namna gani mwaka 1988 anaweza kukuta fishi iko na mapengo, na mapengo hayo hatuwezi kuyajaza tena.

Kulikuwa pia na pengo la feza. Miaka kazi ya Landsat ilipowekwa katika mikono ya wachuuzi, picha moja ilifika bei ya dola zaidi ya 4.000. Chuo gani cha kwetu kingelipa? Mwaka 1992 sheria ya Marekani ikaamuru picha zichungwe kwa wakati wote, na kazi hiyo iko kwenye kituo cha EROS, karibu na Sioux Falls, South Dakota. Mwaka 2008 wakaamua kuzitoa bure. Mbele ya hapo, hata katika mwaka mzuri wa kuuza, picha zilizotoka zilikuwa yapata 25.000. Baada ya kuzitoa bure, zikatoka zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Picha ni zile zile. Kilichobadilika ni mlango.

Halafu tangu mwaka 2010 EROS wakaanza kukusanya picha zilizolala katika vituo vya inchi mbalimbali, maana nyingi hazikuwa na nakala mahali pengine. Kwa miaka michache walipata zaidi ya milioni 3. Zingebaki kwenye bande kuukuu, nyingi zingekufa moja moja, pasipo mtu kujua.

Faida kwetu ni nini? Watafiti wa OSFAC, shirika lenye biro huko Kinshasa, pamoja na vyuo vya Marekani, walitumia maelfu ya picha za Landsat kupima mwitu wa inchi yetu yote. Walikuta kwamba kati ya mwaka 2000 na 2010 Kongo ilipoteza yapata sehemu 2,3 kwa 100 ya mwitu wake. Watu wanaweza kubishana juu ya nani anakata na nani analipa. Lakini pasipo picha za kale, hata ubishi hauna mahali pa kuanzia. Kila mmoja angesema yake, na mwenye sauti kubwa angeshinda.

6. Sisi tufanye nini?

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Msifikiri kwamba kazi hii ni ya NASA peke yake. Huko Yangambi, kando ya mto Kongo, watu waliandika kwa mkono kati ya mwaka 1937 na 1958 ni siku gani miti ilitoa maua, matunda na majani mapya. Makaratasi yale yalivumilia vita na mvua. Miaka hii yamepigwa picha, na watu wa kujitolea wa inchi nyingi wakasaidia kuyageuza data ya ordinatere. Sasa wanaochunguza mwitu kutoka juu kwa sateliti wanaweza kulinganisha na yale yaliyoonwa kutoka chini. Aliyeandika majina ya miti kwa bidii, na kalamu yake, amesaidia watu ambao hakuwajua.

Wenzetu, tuko na vitu vya kuchunga hapa pia: palmaresi za kila mwaka, daftari za masomo ya biolojia, vipimo vya mvua. Mtu ambaye palmaresi ya masomo yake iliungua anajua uzito wa neno hili siku anapoombwa diploma. Kwa hiyo, kufuatana na yale tuliyoeleza, tunatoa mashauri 4:

a) Kila kipimo kiandikwe pamoja na tarehe, saa, mahali, kipimo gani (milimetre ao sentimetre), na jina la aliyepima.

b) Kila kitu kiwe na nakala 3, nazo zisilale chini ya bati moja. Moto mmoja usimeze zote.

c) Chombo kikibadilishwa, kwa mfano kopo la mvua, tuandike siku kilipobadilishwa.

d) Kila mwaka wakati wa kufungua masomo, kalasi moja ifungue nakala zote na kusoma, karatasi kwa karatasi, flashi kwa flashi. Ile inayoanza kufifia ipigwe nakala kabla haijafa. Kitu kisichofunguliwa hakuna anayejua kama kinaishi.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka hapa mwezi wa saba. Daftari ya mvua tunaiacha kwa wadogo zetu wa kalasi ya tano, pamoja na ukurasa wa maelezo. Tunaomba musiache hata siku moja bila namba. Siku ya jua kali pasipo mvua, andikeni 0. Hata 0 ni data.