Kilwa Mbili na Mji Usioacha Ukuta

Msafiri apendaye kutazama miji ya kale hutafuta mawe. Huenda Misri kuyaona mahekalu ya Karnak. Na akifika Kilwa Kisiwani, Tanzania, huonyeshwa Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, la karne ya 14. Magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Iko Kilwa nyingine. Hiyo ni kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Mweru, ng'ambo ya maji kutoka Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Avukaye akitarajia kuta na matao atakuta mitumbwi, nyavu na samaki walioanikwa juani. Je, aseme kwamba nchi hii haina historia?

La hasha. Kusini mwa Nchelenge, katika bonde la Mto Luapula, ndiko ulikokuwa mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki. Misafara ya pembe za ndovu, shaba, nguo na shanga ilikutana hapo. Mwaka 1798 Wareno waliufuata mji huo wakiongozwa na Francisco de Lacerda, ambaye alifia huko. Mwaka 1867 David Livingstone, baada ya kuliona Ziwa Mweru, alimkuta mjini humo Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amekaa huko miaka mingi.

Mbona basi hapana magofu? Mji ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Tena Mwata mpya alipotawazwa, aghalabu alijenga makao yake mahali pengine. Mvua na mchwa vilikula majumba, lakini havikula ufalme. Kiti cha Mwata kipo hata leo Mwansabombwe, na kila mwaka, mwezi Julai, Mwata hucheza Mutomboko mbele ya watu wake, kukumbuka safari ya wazee wao kutoka magharibi.

Kilwa ya pwani ina kuta, lakini masultani wake wametoweka. Luapula haina kuta, bali mwenye mji yupo. Basi msafiri afikapo Nchelenge asiulize magofu yako wapi. Awaulize wazee mji ulihama kutoka wapi kwenda wapi, na ayaandike majibu yao upesi. Jiwe huweza kumngoja msomi miaka mia; mzee hawezi.