Masika: Jina la msimu wa mvua, na siri ya umri wa binti

Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto akianza kuita majina siku hizi, masikio yamezoea Glory, Nasra, Irene, Aisha, Neema na Brightness. Akiita “Masika”, baadhi ya wazazi kwenye benchi watageuza shingo kuona ni mtoto wa nani. Jina hilo ni la Kiswahili tupu, halihitaji kutafsiriwa, lakini limekuwa adimu kuliko majina mengi yaliyotoka mbali.

Kwa Dakawa, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, neno lenyewe si geni hata kwa mtoto wa chekechea. Hapa ni nchi ya mpunga. Mto Wami hulisha mashamba ya umwagiliaji, na maisha ya familia nyingi huhesabiwa kwa misimu: kuna mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na kuna masika, Machi hadi Mei, mvua ndefu inayojaza majaruba na kuharibu barabara. Binti aliyezaliwa katika miezi hiyo akaitwa Masika, amebeba mgongoni tarehe yake ya kuzaliwa, angalau nusu yake.

Jina linaloeleza siku

Waswahili wana utamaduni wa zamani wa kumpa mtoto jina linalosimulia alivyokuja. Chausiku amezaliwa usiku. Mwajuma amezaliwa Ijumaa. Mosi, Pili na Tatu wanaeleza nafasi zao katika uzao. Tabu na Shida wanaeleza hali ya nyumba au uchungu wa mama siku hiyo. Masika yumo katika kundi hili.

Mvua kama chanzo cha jina haiishii pwani. Usukumani kuna Kabula, kutoka neno mbula, yaani mvua. Kwa Wakamba wa Kenya binti wa mvua ni Mumbua na kaka yake ni Wambua. Waluo wana Akoth, na Wakalenjin wana Cherop au Jerop. Kwa jamii zinazoishi kwa kulima na kufuga, mtoto aliyekuja na mvua hupokelewa kama mtoto wa heri, kwa sababu amefika pamoja na chakula.

Dakawa ina sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1982 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ukombozi cha ANC cha Afrika Kusini ardhi hapa, baada ya makazi ya awali ya wapigania uhuru kule Mazimbu kuanza kujaa. Kwa takribani miaka 10 wakimbizi kutoka Afrika Kusini waliishi, wakasoma, wakalima na kuzaa watoto katika mkoa huu, hadi makazi ya Mazimbu na Dakawa yalipokabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992. Miongoni mwa majina ya kike ya Wazulu na Waxhosa lipo Nomvula, kutoka imvula, mvua, kama analoitwa mwanasiasa wa ANC, Nomvula Mokonyane. Mtu wa Dodoma anayeiita mvua mvula kwa Kigogo hahitaji mkalimani kulielewa. Masika na Nomvula ni kama ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti.

Masika wengine wasiotokana na mvua

Mzazi anayelipenda jina hili ajue kwamba akivuka mipaka atakutana na Masika wenye asili nyingine kabisa.

Mashariki mwa Kongo, kwa Wanande wa Kivu Kaskazini, na kwa ndugu zao Wakonzo wa magharibi mwa Uganda, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kike huitwa Masika, awe amezaliwa kwenye mvua au kwenye jua kali. Ndiyo maana jina ambalo Morogoro ni adimu, Butembo na Beni ni la kawaida. Rebecca Masika Katsuva, mwanamke aliyejulikana duniani kwa kuwapokea na kuwatunza wanawake na wasichana waliobakwa katika vita vya Kongo, hadi alipofariki dunia Februari 2016, alikuwa na jina hilo.

Magharibi mwa Kenya, Masika hubebwa pia na wanaume. Spika wa Bunge la Taifa la nchi hiyo anaitwa Moses Masika Wetang’ula. Na Marekani, ambako Wamarekani weusi walianza kupenda majina ya Kiswahili tangu miaka ya 1960, yupo Masika Kalysha, anayejulikana kupitia vipindi vya televisheni. Baadhi ya orodha za majina za huko hudai kuwa Masika ni jina la Kimisri. Mtu yeyote aliyewahi kukwama na pikipiki kwenye tope la Aprili barabara ya Dakawa anajua neno hilo ni la wapi.

Kwa nini limepungua

Sababu haziko mbali. Familia nyingi humpa mtoto jina la dini, kutoka Biblia au Kurani, na jina la asili likibaki hutumika nyumbani tu. Wazazi vijana huvutiwa na majina ya kwenye tamthilia na ya wasanii. Wengine huogopa kwamba jina la Kiswahili litamfanya mtoto achekwe shuleni, au kwamba jina litamvutia hali: ukimwita Tabu atapata tabu, ukimwita Masika ataishi na machozi.

Lipo pia suala la mahali pa kuzaa. Zamani jina lilitoka kwa bibi au mkunga aliyekuwa pale, akisikia mvua juu ya nyasi za paa. Leo mama anajifungulia kituo cha afya, na mara nyingi jina limeshachaguliwa miezi kadhaa kabla kwenye simu. Mvua inanyesha nje, lakini haiulizwi.

Hakuna anayepaswa kusikitika kwamba mama hajifungulii nyumbani tena. Hata hivyo jina la msimu lilikuwa na kazi ambayo wengi wameisahau.

Kazi ya siri ya jina

Wataalamu wa afya wanapokutana na mtoto au mtu mzima asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, hutumia kitu kinachoitwa kalenda ya matukio. Badala ya kuuliza “ulizaliwa lini”, huuliza “ulizaliwa kabla au baada ya tukio gani”. Mavuno, mwezi wa Ramadhani, mafuriko, uchaguzi, kifo cha kiongozi: vyote husaidia kukaribia mwezi na mwaka.

Katika kalenda ya Dakawa, tukio moja halisahauliki. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Wami, jirani na hapa, akitokea Dodoma. Ilikuwa ndani ya miezi ya masika. Mwanamke wa eneo hili anayeitwa Masika, ambaye wazazi wake walimwambia alikuwa mchanga wa siku chache Sokoine alipofariki, hana haja ya kubahatisha umri wake. Jina limempa msimu na historia imempa mwaka.

Lakini kumbukumbu hiyo ina mwisho. Jina likishafika mjini, mwenye ofisi hawezi kuandika “masika ya Sokoine” kwenye fomu. Na hapo ndipo jambo hili linakoma kuwa la kupendeza tu na kuwa la afya na usalama wa mtoto.

Umri wa binti ni kinga yake

Fikiria mambo yanayotegemea umri sahihi wa mtoto wa kike. Uzito wake kliniki husomwa kwa kulinganishwa na umri. Ukikosewa kwa miezi 4, mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuonekana mzima, au mzima akaonekana mgonjwa. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na ile ya surua na rubela ya miezi 9 na 18, zote hufuata tarehe ya kuzaliwa. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 hutolewa nchini kwa dozi moja, huwalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kisha kuna ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Katika kesi yoyote ya binti aliyeozeshwa au aliyefanyiwa ukatili, swali la kwanza huwa moja: ana miaka mingapi? Akiwa hana cheti, mtu mzima aliyemkosea anaweza kusimama na kudai alidhani ni mkubwa. Jina Masika, kwa uzuri wake wote, halitamjibu.

Kwa hiyo mzazi anayempa mwanawe jina la msimu akamilishe kazi ambayo jina limeianza. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Kupitia mpango wa RITA wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka 5, cheti cha kwanza hutolewa bila malipo, na usajili hufanyika kwenye vituo vya tiba vinavyotoa huduma ya mama na mtoto pamoja na ofisi za watendaji wa kata.

Jambo la kuzingatia ni jina kuwa moja kila mahali. Mtoto anayeitwa Masika nyumbani, Mary kwenye kadi ya kliniki na Maria shuleni anatengenezewa usumbufu wa ukubwani, siku atakapohitaji kitambulisho cha Taifa au mkopo wa elimu ya juu. Kama familia inataka jina la dini na la asili, yote mawili yaandikwe kwenye cheti tangu mwanzo, kwa mpangilio mmoja na herufi zilezile.

Kwa mama anayetarajia mtoto wa masika

Miezi ya Machi hadi Mei ni mizuri kwa mpunga na migumu kwa mjamzito. Mbu huongezeka na malaria nayo, hivyo chandarua kisikosekane na vidonge vya SP vimezwe kliniki kama mhudumu anavyoelekeza. Barabara hukatika. Mvua za 2024 zilikuwa kali kiasi kwamba Aprili 25 mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini.

Familia inayoishi ng’ambo ya mto au mbali na lami isisubiri uchungu uanze. Mama asogee mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo, nauli itengwe, na namba 115 ya mfumo wa m-mama ihifadhiwe kwenye simu. Hupigwa bila malipo kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Wahenga walisema jina jema hung’ara gizani. Kama mtoto wa kike atakuja na mvua mwaka huu na mkamwita Masika, mtakuwa mmemrithisha jina ambalo wachache wanalo na kila Mswahili analielewa. Mpeni na karatasi inayosema ni masika ya mwaka gani.