Mtoto Anayeshika Mkia: Kikundi Chenu Kinaweza Kufanya Nini?



Mara hii tunazungumza juu ya watoto wetu walio shuleni, hasa wale waliokufa moyo. Kila kijiji kinawajua. Asubuhi wanatoka nyumbani na sare, lakini ikifika saa nne unawapata mtoni, au kule sokoni wakisukuma mikokoteni. Ukimwuliza mmoja, "Mbona hukwenda shule?" anatazama chini tu. Ukizidi kumwuliza atakuambia, "Mimi sijui kusoma. Nikienda nitachekwa."

Mzazi naye anasema, "Huyu kichwa chake ni kigumu, wacha achunge ng'ombe." Mwalimu anasema, "Wazazi wa hapa hawajali." Basi kila mtu ana wa kumlaumu, na mtoto anaendelea kupotea.

Kabla ya kulaumu, tujiulize: moyo wa mtoto huyu ulikufa lini, na ni nini kilichouua?

MOYO HUFA POLE POLE

Mkumbuke mtoto huyo huyo siku yake ya kwanza shuleni. Aliamka kabla ya jogoo, akaulizia daftari lake. Hakuwa mvivu. Shida ilianza na jambo dogo. Labda aliugua majuma matatu. Labda familia ilihama katikati ya muhula. Labda lugha ya darasani haikuwa ile anayosikia jikoni kwa mama yake. Mwalimu ana watoto sitini na silabasi inamngoja, hawezi kumsubiri mmoja. Wenzake wakaendelea, yeye akabaki.

Sasa yuko darasa la tano. Anafundishwa mambo ya darasa la tano, na bado hajui kuunganisha silabi. Ni kama kumwambia mtu apande ngazi ambayo vipandio vitatu vya chini vimevunjika. Atasimama pale chini, na sisi tutasema ni mvivu.

Kuna funzo kutoka hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1990, watafiti walifuatilia shule za msingi za upande wa Busia zilizopewa vitabu vya bure. Wengi walitazamia kwamba alama za watoto wote zingepanda. Waliosaidika ni wale ambao tayari walikuwa wakifanya vizuri. Wengine hawakufaidika, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vilikuwa vigumu mno kwao. Kwa hivyo, vikundi vinavyofanya harambee, sikieni: vitabu na madawati ni vitu vizuri, lakini mtoto asiyejua kusoma ukimpa kitabu peke yake, umemwongezea mzigo wa kubeba.

Na maneno matamu peke yake hayatoshi pia. Ukimwambia "Jikaze, utaweza," naye ajikaze ashindwe, atazidi kuamini kwamba yeye si kitu. Mtoto hujiamini anapoona kwa macho yake kwamba jambo lililomshinda jana, leo ameliweza.

MWALIMU WA KERIKO

Wengi wenu mmesikia habari za Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, aliyepewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Wakati huo alikuwa akifundisha hisabati na sayansi katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Nakuru. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu. Wanafunzi wengi walitoka katika nyumba maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja.

Watu wanakumbuka ile tuzo ya dola milioni moja. Sisi tutazame kazi yenyewe. Yeye na walimu wenzake wanne waliwafundisha wanafunzi waliokuwa nyuma mmoja mmoja, nje ya saa za darasa na mwisho wa juma. Aliwatembelea nyumbani ili ajue kinachowarudisha nyuma. Tena alianzisha chama cha kukuza vipaji, wanafunzi wakabuni vitu vyao wenyewe. Mwaka 2018 walipeleka kwenye mashindano ya kitaifa ya sayansi chombo cha kuwasaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Mwaka 2017 ni wanafunzi 16 kati ya 59 walioendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 walioingia vyuo na vyuo vikuu walikuwa 26.

Ukiangalia sana, kumfundisha mtoto pale alipokwama na kutembelea nyumba si mambo ya pesa nyingi. Kijiji kinaweza.

MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Ongeeni na shule kwanza. Pelekeni watu wawili au watatu kwa mwalimu mkuu na halmashauri ya shule. Msiende kulaumu. Semeni, "Tumekuja kusaidia hawa walio nyuma. Tufanye nini pamoja?" Walimu wengi wamechoka na watafurahi kupata mkono.

2. Jueni kila mtoto amekwama wapi. Andikeni kwenye karatasi herufi chache, maneno machache mafupi, sentensi moja, halafu hadithi ya mistari mitano. Mtoto asome akiwa peke yake na mtu mzima mmoja anayemwamini, pale mnapoonekana na wengine lakini wenzake hawasikii. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia. Fanyeni vivyo hivyo kwa hesabu: kuhesabu, kujumlisha, kutoa. Kazi hii haichukui hata dakika kumi kwa mtoto.

3. Anzisheni saa moja ya kusoma. Kijijini hamkosi vijana waliomaliza kidato cha nne na wako nyumbani tu. Wapewe kazi hii. Watoto wakae kulingana na walipofika, si kulingana na darasa. Mwaka 2005, katika shule za magharibi mwa Kenya, watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa kiwango chao, na watoto wa pande zote mbili, wenye nguvu na wanyonge, waliendelea vizuri zaidi. Lakini msiliite kundi lolote "la wajinga." Liiteni jina la mti au la ndege. Wale wakubwa wa darasa la saba wanaona haya kukaa na wadogo, basi wapeni wakati wao. Somesheni mahali pa wazi, kungali mchana, watu wazima wawili wakiwepo, na wazazi wawe wamekubali.

4. Sifuni juhudi, msisifu akili. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walionyesha jambo la ajabu. Watoto walipewa mafumbo rahisi wakayaweza. Wengine wakaambiwa, "Una akili," wengine wakaambiwa, "Umejitahidi." Kisha wakapewa mafumbo magumu yakawashinda. Waliporudia yale rahisi, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, na waliosifiwa juhudi walifanya vizuri kuliko mwanzo. Aliyeambiwa ana akili, akishindwa anadhani akili imekwisha. Aliyesifiwa juhudi anajua cha kufanya: kujitahidi tena. Kwa hivyo mwambie mtoto, "Nimeona umeirudia hesabu hii mara tatu mpaka ukaipata." Sifa iwe ya kweli. Mtoto anajua akidanganywa.

5. Komesheni kejeli na kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kimawazo. Na si shuleni tu. Pale nyumbani tunapomwita mtoto "mbumbumbu" mbele ya wageni, sisi ndio tunaomfundisha kwamba hawezi. Neno hilo linakaa moyoni kuliko alama ya fimbo.

6. Ondoeni vinavyomtoa darasani. Tembeleeni nyumba mwulize. Kwa mwingine ni njaa, kwa msichana ni kukosa sodo, kwa mwingine ni kuchota maji asubuhi hadi anachelewa. Minyoo nayo ni adui. Kazi iliyoanza Busia mwaka 1998 katika shule 75 ilionyesha kwamba watoto walipopewa dawa ya minyoo, kukosa shule kulipungua kwa karibu robo. Mwulizeni mhudumu wa afya wa kijiji ni lini dawa hutolewa shuleni kwenu.

MTOTO APEWE KAZI INAYOONEKANA

Liko jambo moja zaidi. Mtoto aliyezoea kushika mkia hajawahi kuombwa msaada na mtu. Sasa mwombeni. Asome kumbukumbu za mkutano wa kikundi. Amsomee nyanya maelezo yaliyo kwenye pakiti ya mbegu. Apime shamba la mboga la kikundi na ahesabu miche. Siku mama wa kikundi atakapomwambia, "Asante, bila wewe tusingejua," mtoto huyo atarudi nyumbani akitembea tofauti.

MSITAZAMIE MIUJIZA

Tuseme ukweli. Wiki ya kwanza watakuja wachache. Mmoja atakuja mara mbili apotee, itabidi mtu amfuate. Kijana anayefundisha anaweza kupata kibarua mjini aondoke, kwa hivyo tayarisheni wengine. Wekeni daftari moja tu: jina la mtoto, alipoanzia, alipofika baada ya mwezi. Mtoto alinganishwe na nafsi yake ya mwezi jana, asilinganishwe na mtoto wa jirani. Aliyetoka kwenye herufi akafika kwenye maneno, huyo ameshinda, hata kama shuleni bado ni wa mwisho.

Gharama ni chaki, ubao, daftari na muda wenu. Mkishindwa yote sita, anzeni na lile la pili. Mkishajua mtoto amekwama wapi, hamtasema tena kwamba kichwa chake ni kigumu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni watoto wangapi katika kijiji chetu wameacha shule au wanakaribia kuacha? Tunawajua kwa majina?

2. Kila mmoja akumbuke: wewe mwenyewe ulipokuwa mtoto, ni neno gani la mtu mzima lililokuvunja moyo? Ni lipi lililokuinua?

3. Nyumbani kwetu, ni kazi gani tunazowapa wasichana na hatuwapi wavulana? Tunaweza kumwachia kila mtoto saa moja ya kusoma?

4. Nani ataenda kumwona mwalimu mkuu, na siku gani? Andikeni jina na tarehe kabla hamjafunga mkutano.