Kibali cha kazi ya moto: Karatasi inayozuia janga

FUNDI wa kuchomelea vyuma anapoitwa kutengeneza paa la darasa au lango la duka katika kaunti za Kitui na Makueni, mara nyingi huuliza jambo moja tu kabla ya kuanza: umeme uko wapi? Ni nadra kuulizwa ni nani aliyekagua mahali hapo na kuidhinisha moto uwashwe.

Kazi ya moto ni kazi yoyote inayotoa miali, joto kali au cheche. Kuchomelea, kukata chuma kwa gesi, kusaga kwa mashine na kuyeyusha lami ni miongoni mwake. Katika karakana, kazi hizi hufanyiwa mahali palipotayarishwa. Katika eneo la muda, fundi huufuata ubao, rangi, magunia na nyasi kavu vilipo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 96, inamtaka mwajiri kumpa kibali mfanyakazi anayeelekea kukabiliwa na kazi au mazingira ya hatari, na kueleza humo tahadhari zinazohitajika. Kwa hivyo, kibali cha kazi ya moto hutolewa pale pale kazini. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kuzima moto, lakini cheti cha usalama wa moto ambacho kaunti hutoa kwa jengo au biashara hakichukui nafasi ya kibali hiki.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Fundi hueleza ni kazi gani, itafanyiwa wapi na kwa saa ngapi. Msimamizi wa eneo hukagua mahali hapo pamoja naye, kisha wote wawili hutia sahihi. Kibali hudumu kwa zamu hiyo pekee. Kazi ikihamishwa au hali ikibadilika, ukaguzi hurudiwa.

Viwango vya shirika la NFPA la Marekani, vinavyofuatwa katika nchi nyingi, vinataka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa mita 11 au vifunikwe kwa turubai lisiloungua. Vilevile, mtu mmoja huteuliwa kulinda moto akiwa na kizimamoto, na husalia hapo kwa muda wa saa moja baada ya kazi kumalizika. Cheche iliyojificha ndani ya gunia au dari huweza kufuka kimyakimya na kulipuka fundi akiwa amekwisha kwenda zake.

Ndivyo ilivyotokea katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, Aprili 11, 1996. Mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara iliyo juu ya jengo la abiria. Moto ukashika vifaa vya kuzuia joto vilivyokuwa darini, chini yao, bila wao kuuona. Watu 17 walifariki.

Hatari nyingine ni mapipa na matangi. Pipa lililokuwa na petroli huonekana tupu, ilhali mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka kwa cheche moja. Sheria inakataza chombo kama hicho kuchomelewa kabla ya mabaki na mvuke kuondolewa. Wakazi wa Thange, Kibwezi, wanafahamu jinsi mafuta yanavyoweza kujipenyeza ardhini: mwaka wa 2015 yalivuja kutoka kwa bomba la Mombasa hadi Nairobi na kuchafua mto na udongo. Mahali penye historia ya aina hiyo, ukaguzi huanza na ardhi yenyewe.

Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 mraba, nayo Makueni takriban 8,000. Moto ukizuka Kyuso au Mutomo, gari la zimamoto kutoka mjini Kitui litakuwa na safari ndefu, na maji ni haba. Kwa bahati nzuri, mchanga haukosekani katika mito ya Ukambani. Ndoo kadhaa zilizojazwa mchanga mkavu na kuwekwa karibu na fundi huweza kuuzima moto mdogo ukiwa bado mchanga.

Mwalimu mkuu, kamati ya kanisa au mwenye duka hahitaji fomu ya gharama. Ukurasa mmoja wa daftari watosha, mradi aliyetia sahihi amepakagua mahali penyewe. Tahadhari kabla ya hatari.