Glukosi Haitakufikisha Eldoret

“Daktari, asubuhi ya mbio nilambe glukosi kiasi gani?” Nimeulizwa hivyo Kibera, kule Makina na Laini Saba, nimeulizwa Kawangware pale 46, na karibu kila mara muulizaji ni kijana mzima wa afya anayetaka kuingia jeshini na ambaye bado hajaanza kukimbia. Tangazo la usajili wa makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya likitoka tu, maswali yote huwa ya siku ile moja: kulamba nini, kunywa nini, kupaka nini. Aanze lini kukimbia, hilo haniulizi mtu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kila msimu wa usajili napokea miundi iliyoumia na matumbo yaliyovurugika ya watu waliotafuta pumzi ndani ya pakiti. Kwa hiyo nalijibu swali hili kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitampa asome kwanza.

Usilambe. Haikusaidii, na inaweza kukugharimu nafasi yako.

Simlaumu kijana kwa hamu yake. Kibera yenyewe ilianza kama ardhi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, waliokalishwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20 palipokuwa bado msitu, na kambi ya Lang'ata iko jirani hadi leo. Kwa nyumba nyingi za huku, mtoto mmoja mwenye sare ni karo ya wadogo zake wote. Ndiyo maana inaniuma kuona nafasi ya namna hiyo ikikabidhiwa unga mweupe.

Tufanye hesabu. Mtu anayekimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kila kilomita. Kijana wa kilo 60 akikimbia kilomita 5 atatumia kama 300. Hata tukisema zote zimetoka kwenye sukari, hizo ni gramu 75. Sasa, kijana huyo akiwa anakula kama watu wanavyokula, mwilini mwake tayari kuna gramu 400 hadi 500 za sukari iliyowekwa akiba, sehemu kubwa kwenye misuli na nyingine kwenye ini. Anaanza mbio akiwa na akiba inayotosha mara tano na zaidi. Ameitoa wapi? Kwenye ugali. Wanga wa ugali, wa chapati, wa githeri na wa viazi si kitu kingine ila glukosi iliyofungamana kwa minyororo mirefu. Utumbo huikata minyororo hiyo na kuiingiza glukosi kwenye damu. Aliyekula ugali jana usiku ameshakula glukosi yake, pamoja na mboga.

Basi mbona anaishiwa nguvu kilomita ya pili? Kwa sababu ya hewa. Ili misuli ichome sukari kwa kasi inayotakiwa, lazima damu ifikishe oksijeni kwa kasi hiyo hiyo, na moyo wa mtu asiyekimbia hausukumi damu ya kutosha kila unapopiga. Kumlambisha mtu huyo glukosi ni sawa na kuongeza makaa kwenye jiko ambalo mlango wake wa hewa umefungwa. Kinachofungua mlango ni mazoezi ya wiki nyingi: maji ya damu huongezeka, moyo hujifunza kusukuma zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo huchipuka kuzunguka nyuzi za misuli, na ndani ya nyuzi hizo viwanda vidogo vya nishati, yaani mitokondria, huzidi kuwa vingi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouzwa dukani.

Najua ubishi utakaofuata, maana nimeusikia. “Lakini shuleni mwalimu wa michezo alitumwagia viganjani, na tulishinda.” Mlishinda, ndiyo. Na wale mliowashinda, mwalimu wao hakuwamwagia? Aliyemaliza wa kwanza na aliyemaliza wa mwisho wote walikuwa na midomo myeupe. Kitu walichokula wote hakiwezi kuwa sababu ya mmoja kushinda.

Ubishi wa pili: “Hospitalini si wanatundikia watu glukosi?” Wanatundikia mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka au hawezi kula. Hata ile dawa ya kuhara tunayokoroga ina glukosi, kwa sababu glukosi na chumvi vikiwa kwa kipimo sahihi husaidia utumbo kufyonza maji. Hayo ni matibabu ya maradhi. Wewe huumwi.

Ubishi wa tatu, “Lakini mimi hunichangamsha,” ndio ninaouheshimu, kwa sababu una chembe ya ukweli. Mwaka 1924 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha vipimo vya damu vya wakimbiaji waliomaliza marathoni, wakakuta baadhi yao sukari imeshuka mno na wamedhoofika. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa peremende njiani na hali yao ikawa bora. Imani ya sukari michezoni ilipata nguvu hapo. Lakini hizo ni kilomita 42, ambako akiba niliyoitaja huisha kweli. Kisha mwaka 2004 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwapa waendesha baiskeli maji yenye wanga wasukutue na kuyatema, bila kumeza, na katika kazi ya karibu saa nzima wakaenda kasi zaidi kwa kama asilimia 3. Glukosi hiyo hiyo ilipoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, hakuna kilichobadilika. Maana yake ni kwamba ulimi uliupa ubongo habari njema, na miguu haikupata lishe yoyote mpya. Kwa hiyo mtu akiniambia glukosi humchangamsha, siwezi kusema anadanganya. Ninachosema ni kwamba waliochangamka kule walikuwa waendesha baiskeli waliojizoesha, na kazi yao ilikuwa ya saa nzima. Mbio za usajili ni za kilomita chache, na mshindani wako ni kijana aliyejizoesha miezi minne.

Hasara yake sasa. Vijiko vitatu vinne vya unga mkavu vikifika tumboni ni sukari nzito mno, na mwili huvuta maji kutoka kwenye damu kuyaleta utumboni ili uizimue. Unapata kiu, tumbo linasokota, na wengine huharisha. Siku ya usajili mnasimama kwenye foleni tangu alfajiri, uwanja umejaa, na choo ni hadithi. Halafu kuna wanaolamba nusu saa au saa nzima kabla: insulini hupanda, mbio zinaanza, na kwa baadhi ya watu sukari ya damu hushuka chini kuliko kama wasingelamba. Wanahisi kisunzi dakika za kwanza kabisa, wakati ambapo hofu peke yake inatosha kumwangusha mtu.

Vinywaji vya nguvu vya kopo, jibu ni lile lile. Kafeini iliyomo huamsha kweli, nami nakubali, lakini kopo zima kwenye tumbo tupu la mtu asiyelizoea humpa mapigo ya moyo ya hovyo na mkojo wa kila mara. Mwenye kuzoea chai ya asubuhi, chai yake inamtosha.

Na kuna hawa wanaojifunga nailoni chini ya jaketi na kukimbia saa saba mchana ili “watoe mafuta”. Jasho ni maji. Ukinywa bilauri mbili yamerudi. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa wiki chache wakijikausha kwa njia kama hizo. Isitoshe, tangazo la jeshi huweka uzito wa chini kabisa: kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Nimeona vijana wembamba wa kilo 56 wakijikamua maji ili waonekane wakakamavu. Wanajipeleka kwenye mizani ikawakatae.

Yanayofaa nitayapitia haraka kwa sababu hayana siri. Jipe wiki 12. Tangazo hutoka wiki chache tu kabla ya siku yenyewe, basi anza sasa likukute njiani. Wiki tatu za kwanza, siku 3 kwa wiki, nusu saa kila siku: kimbia dakika 2, tembea 1, kwa mwendo unaokuruhusu kumwambia mwenzako sentensi nzima. Usidharau mwendo huo. Nenda Iten asubuhi uone mabingwa wa dunia wanavyoanza tizi yao polepole. Kufikia wiki ya 6 uwe unakimbia dakika 30 mfululizo, siku 4. Kuanzia wiki ya 7 siku moja iwe ya vipande, mita 400 mara 6 kwa nguvu na dakika 2 za kupumzika kati yake, na siku nyingine iwe ya mbio ndefu za taratibu, dakika 45 hadi saa. Kila wiki ya nne punguza kwa theluthi. Wiki ya mwisho punguza nusu. Siku ile, acha wenye kiherehere watimke. Wewe kimbia kilomita ya kwanza kwa kujizuia, utawakuta mbele wamesimama wameshika viuno.

Mahali: wa Kibera, msikimbie juu ya reli, kokoto zake huvunja vifundo na treni bado zinapita, pandeni Ngong Road kuelekea Jamhuri kabla magari hayajajaa. Wa Kawangware, shukeni James Gichuru na barabara za Lavington zenye njia za miguu na miinuko ya kutosha. Nendeni kwa makundi, dada zetu hasa. Viatu: soko la Toi kuna raba nzuri za mitumba, ziweke mezani uzitazame kwa nyuma, zilizolala upande mmoja ziache. Mabuti usikimbilie kabisa. Chakula: saa mbili au tatu kabla ya mbio, chai ya maziwa na mkate au viazi vitamu. Wasichana wengi hukosa madini ya chuma, na damu pungufu haibebi oksijeni: kuleni omena, maini, maharagwe na terere, na chai isubiri saa moja baada ya chakula kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Anayepiga mjengo mchana kutwa ahesabu zege alilobeba kuwa zoezi. Siku hiyo asikimbie vipande.

Hapa kwenye mifupa nisimame kidogo, maana ndipo wenye bidii huumia. Pumzi huimarika ndani ya wiki nne. Mfupa hauendi hivyo: ukianza kuubebesha mzigo mpya, mwili kwanza humega sehemu za zamani, ndipo hujenga mpya, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu hadi minne. Katikati yake mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliyaeleza maumivu haya ya miguu ya askari mwaka 1855, miaka mingi kabla ya eksirei, na makurutu wanavunjika kwa njia ile ile hadi leo. Maumivu ya muundi yakisambaa kwenye eneo refu, punguza kasi na umbali. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kuonyesha kwa ncha ya kidole, na ukiruka kwa mguu mmoja yanachoma, acha kukimbia siku hiyo hiyo uende ukapimwe. Ukilazimisha, utavunjikia kwenye usajili, au mbaya zaidi utavunjikia Shule ya Makurutu Eldoret, mita zipatazo 2,100 juu ya bahari, baada ya kuwa umeshachaguliwa.

La mwisho ni la damu: familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani zina wabebaji wengi wa chembe ya selimundu, watu wasioumwa na wasiojua kuwa wanayo. Utafiti wa mwaka 2016 wa askari weusi karibu 48,000 wa jeshi la Marekani haukukuta vifo zaidi kwa wabebaji, lakini hatari ya misuli yao kusambaratika kwa mazoezi makali ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 54. Kama kwenu kuna mwenye ugonjwa huo, pima. Mbebaji anaruhusiwa kukimbia, mradi aongeze mzigo polepole, anywe maji, na asimame mara misuli inapolegea ghafla au mkojo unapogeuka rangi ya kola. Mwenye mkojo wa namna hiyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Aliyesoma haya akiwa amebakiza wiki moja: kimbia dakika 20 polepole mara tatu, pumzika siku mbili za mwisho, kula ugali wako wa jioni, nenda ukajaribu. Ukikosa, na bado hujapita miaka 26, wiki zako 12 zinaanza Jumatatu inayofuata.